Kibali cha Maji Ambayo Hayapo



Tarehe 22 Desemba 2022 lango lilishushwa kule Rufiji na Bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa maji. Miezi hiyohiyo, juu kabisa ya bonde hilohilo, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umekatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na viboko wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Dar es Salaam nako, katika bonde jirani la Wami na Ruvu, watu walikuwa kwenye mgawo, wanapanga ndoo usiku wakisubiri bomba likohoe. Haikufika mwaka na nusu, Aprili 2024, Rufiji ikafurika. Mashamba yakazama, nyumba zikazama, watu wakaokolewa kwa boti.

Ukiuliza kulikoni, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: mabadiliko ya tabianchi. Mimi jibu hilo nalikubali nusu. Hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mvua ikiamua kunyesha inanyesha kwa hasira, na ikikaa haiji, joto linakausha udongo na mabwawa haraka kuliko zamani. Hilo halina ubishi. Kwa Afrika Mashariki kuna na fumbo la ziada. Kompyuta nyingi za wataalamu wa hali ya hewa zinasema mbele ya safari tutapata mvua nyingi zaidi, ilhali vipimo vya masika kwa miongo kadhaa kuelekea mwaka 2010 vilionyesha mvua hizo zikipungua. Mtu anayepanga matumizi ya mto leo hajui ajiandae kwa ukame au kwa gharika. Ajiandae kwa vyote viwili, na pengine ndani ya mwaka mmoja.

Nusu nyingine ya jibu, ile ninayotaka tuizungumze jioni ya leo, haitoki angani. Iko kwenye makaratasi yetu. Tumegawana mito kwa namba zisizosogea, wakati mito yenyewe inasogea.

Twende Usangu. Msikilizaji wa Mbarali ataniwia radhi nikieleza anachokijua. Mito inashuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere: Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha wenyewe, na upande wa pili Ndembera inatokea nyanda za juu za Iringa. Kule mlimani mvua ni nyingi. Bondeni ni chache. Msimu ni mmoja tu, unaanza Novemba au Desemba na kufikia Aprili hivi umekwisha. Maji yakifika uwandani yanakutana na majaruba, maana mchele wa Mbeya unaousifia mezani kwa sehemu kubwa unalimwa humo. Yanayobaki yanaingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na Ihefu ni kama beseni: upande wa kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama, kuna ukingo wa mwamba. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto unaendelea kwenda hifadhini, Mtera, Kidatu na hatimaye Rufiji. Yakishuka chini ya ukingo, hata kwa kiganja kimoja, hakitoki kitu. Ihefu inaweza kuwa na maji yanayometameta hekta kwa hekta na bado mto ukawa mkavu chini yake.

Hilo ni jambo la kulitafakari kidogo. Watu wengi hudhani mto hukauka taratibu, maji yakipungua na mtiririko nao ukipungua sawia. Ruaha Mkuu haufanyi hivyo. Kuna mstari, na ukivukwa mto unakatika. Kwa hiyo lita chache zinazochukuliwa juu mwezi Septemba, ambazo Machi zisingeonekana kabisa, ndizo zinazoamua kama mto utakuwepo au hautakuwepo.

Mto huu ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima ulianza kukatika kila kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 1993 ndio mwaka unaotajwa sana. Tangu hapo tumetafuta mchawi. Mwanzoni ilikuwa umeme: bwawa la Mtera lilipokosa maji na nchi ikaingia gizani, kidole kikaelekezwa Usangu. Watafiti waliokuja kuchambua baadaye wakaonyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia pakubwa, kwa sababu Mtera hujazwa na maji ya msimu wa mvua, si haya machache ya kiangazi tunayogombania. Kisha ikawa zamu ya wafugaji. Mwaka 2006 waliondolewa Ihefu na mifugo yao kwa maelfu, wengine wakaishia Lindi, wengine Pwani na Morogoro, na huko wakaanza kugombana na wenyeji wao wapya. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hifadhi ikavuka kilomita za mraba 20,000, na vijiji vya Mbarali vikaachiwa mgogoro wa mipaka uliodumu miaka mingi. Ng'ombe hao waliharibu? Ng'ombe wengi katika ardhi oevu wanaharibu, sikatai. Lakini waliondoka, na mto ukaendelea kukauka.

Ahadi nazo zilikuwepo. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alisema ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaunda kikosi kazi cha kuunusuru. Siwatuhumu hawa kwa kukosa nia. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunauangalia mto na kuwaangalia watu, lakini banio hatukuliangalia.

Zamani mkulima wa Usangu alitengeneza banio la kugeuzia maji mferejini kwa magogo, mawe, majani na udongo. Lilikuwa linavuja. Mafuriko ya Februari yakilisomba, wanakijiji walilijenga upya, kazi ya jasho na ya kuchosha. Ikaja miradi ya uboreshaji, na banio likawa la zege lenye lango la chuma. Halivuji, wala halisombwi. Mkulima akafurahi, na nani asingefurahi? Ila ule uvujaji uliodharauliwa ndio ulikuwa unawafikishia maji wa chini wakati wa kiangazi, na banio la zege lango likiachwa wazi Septemba linaweza kuuelekeza mto wote kwenye mfereji mmoja. Tuliita uboreshaji, na kwa shamba lile ulikuwa uboreshaji kweli.

Juu ya zege hilo kuna karatasi. Kibali cha kutumia maji kimeandikwa lita kadhaa kwa sekunde. Nipe nafasi nitoe mfano wa kubuni, tuseme tu. Skimu ya umwagiliaji ina kibali cha lita 200 kwa sekunde. Machi mto unapitisha lita 5,000. Skimu ikichukua zake 200 imechukua moja ya ishirini na tano, hakuna atakayegutuka. Oktoba mto umeshuka mpaka lita 250. Skimu inachukua 200 zilezile. Imechukua sehemu nne kati ya tano za mto, na haijavunja sheria hata nukta. Mlinda lango ana karatasi, karatasi ina muhuri, na wa chini anakunywa tope.

Hoja hii si yangu mwenyewe. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ameiandika sana kutokana na kazi yake Usangu. Nampenda pia kwa jambo jingine. Alitengeneza mchezo. Ubao mrefu umeinamishwa, umechorwa mto unaoshuka katikati, na gololi zinamwagwa juu kuwa maji. Wachezaji wamepewa vijiti vya kuwa mabanio na matundu ya kuwa mashamba. Wakulima wenyewe wanauzunguka ubao. Mzunguko wa kwanza kila mtu anaweka kijiti chake anavyotaka. Gololi zinaishia kwa walio juu, na walio chini wanasimama wakitazama matundu matupu. Hapo huhitaji mtaalamu wa kusema neno. Kelele zinaanza zenyewe. Halafu wanacheza tena wakijaribu kupatana, wa juu anapunguza kijiti, wa chini anapendekeza zamu. Kuna warsha nyingi za maji nchini ambazo zingefaidika kama projekta ya kuonyesha picha ukutani ingezimwa na gololi zikamwagwa.

Basi, dawa anayoipendekeza mtu wa namna hiyo ni nyepesi kuisema: kibali kiandikwe sehemu ya mto, si namba ya lita. Moja ya kumi, moja ya ishirini. Mto ukipanda, wote wanapanda. Ukishuka, wote wanashuka siku hiyohiyo, bila kusubiri barua kutoka ofisini. Hata banio linaweza kujengwa hivyo, badala ya lango la kufungua na kufunga, liwe kizuizi chenye mapengo yaliyopimwa, hili la mfereji, lile la mto, na maji yajigawe yenyewe yawe mengi au machache. Wakulima wa mpunga wa Bali, Indonesia, wamefanya hivyo kwa karne nyingi kwa gogo lililochongwa mikato.

Wala hatuna haja ya kupanda ndege kwenda Bali. Panda basi la Moshi. Wachaga walichimba mifongo, mifereji yao ya maji, kabla ya mkoloni kufika, wakaikwangua ubavuni mwa mlima kwa ustadi ambao mpaka leo unawashangaza mainjinia. Maji yaligawanywa kwa zamu: ukoo huu asubuhi ya siku fulani, ukoo ule jioni. Asiyefika kusafisha mfongo alitozwa. Ukishuka Upare unakuta ndiva, mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku ili kesho yake yatoke kwa nguvu ya kufika shamba la mbali. Hebu angalia kilichomo ndani ya zamu. Ukiwa na siku yako, unapata kilichomo mtoni siku hiyo. Mwaka wa ukame siku yako ina maji kidogo, na ya jirani yako vivyo hivyo. Hakuna aliyeandikiwa lita ambazo Mungu hakuzileta.

Nisiwapake rangi wazee wale kupita kiasi. Wanawake waliwekwa mbali na uamuzi wa mfongo, na ukoo uliochimba ulijiona mwenye mali. Wa mwisho wa mfereji alikuwa wa mwisho kwelikweli. Na chini ya mlima, kwenye bonde la Mto Pangani, mambo yamebadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika mwaka 1965, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani inataka maji, miji imekua, na kule mdomoni Pangani wakazi wamelalamika kwa miaka kwamba bahari inapanda ndani ya mto kwa kuwa mto hauna tena ubavu wa kuisukuma. Kilimanjaro yenyewe imepoteza zaidi ya asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912. Barafu hiyo inapigwa picha dunia nzima, na inafaa kusikitikiwa, lakini kwa maji ya Pangani msitu una uzito kuliko barafu. Msitu ndio unaopokea mvua na kukamua ukungu. Bahati mbaya msitu ukiungua hakuna mtalii anayekuja kuuaga.

Tunarudi kwenye hoja yetu kwa njia ya Jinja, Uganda. Ziwa Victoria lilikuwa na ukingo wake wa mwamba mahali Nile inapotokea, kama Ihefu ilivyo na Ng'iriama. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, mwamba haukufanya kazi tena. Milango ndiyo iliyoamua. Waliokuwa na akili wakakubaliana kwamba milango iige mwamba: ziwa likiwa juu, toa kiasi hiki, likishuka, toa pungufu. Kanuni ile haikuwa namba moja, ilikuwa mstari unaopanda na kushuka pamoja na ziwa. Mtambo wa pili wa Kiira ulipoanza mwaka 2000, haja ya umeme ikawa kubwa, na miaka ya katikati ya muongo ule maji yakatolewa kupita mstari. Ukame nao ulikuwepo. Mwaka 2006 ziwa lilishuka kiasi ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa miongo mingi, wavuvi wa Mwanza na Kisumu wakavuta mitumbwi juu ya matope, na waliokokotoa wakasema karibu nusu ya kushuka huko kulitoka kwenye milango, si mawinguni. Mwaka 2020 ziwa hilohilo likavunja rekodi ya kupanda na kuingia majumbani mwa watu.

Ukishuka na Nile hiyohiyo unakuta mkataba wa mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan: mita za ujazo bilioni 55.5 za huyu, bilioni 18.5 za yule. Zimeandikwa kana kwamba mto ni mshahara wa serikali. Nchi za juu hazikuwa na kiti mezani, na baada ya uhuru Nyerere alikataa kufungwa na mikataba ya mkoloni. Ila hata tukiacha suala la haki, suala la hesabu linabaki: mwaka mto unapoleta pungufu, nani anakatwa?

Sasa msikilizaji mwenye skimu ana haki ya kuniuliza. Benki inanikopesha kwa lita, si kwa sehemu, nitapangaje hekta? Swali halali, na sina jibu la kumfurahisha. Atapanda eneo dogo zaidi mwaka wa mashaka, au atapanda kubwa na kubeba hasara yake. Leo pia hasara ipo, isipokuwa anaibeba mwingine aliye kilomita 60 chini ambaye hakukopa chochote.

Na si kila kitu kigawanywe kwa sehemu. Mifereji ya Usangu wakati wa kiangazi haimwagilii mpunga kwa wingi, maana mpunga umeshavunwa. Inatiririka kwa sababu kuna watu kandokando yake wanakunywa, wanafua, wanafyatua matofali, wananywesha mbuzi. Ukisema fungeni mabanio yote kuanzia Julai, umemnyang'anya mama maji ya kupikia ili kiboko aoge. Mpe kwanza kisima au bomba, ndipo ufunge. Maji ya visima ni kidogo mno ukilinganisha na yanayopotea njiani kwenye mfereji wa udongo ili ndoo kadhaa zifike kijijini. Serikali na mashirika wamechimba baadhi. Havitoshi, na pampu ikiharibika watu wanarudi kufungua lango usiku, nami nisingewalaumu.

Kuna na hili la kilimo shadidi cha mpunga, miche michache, jaruba linaloloweshwa na kuachwa likauke kidogo badala ya kuzamishwa muda wote. Kinaokoa maji, kimeonekana Mkindo kule Morogoro na Mbarali pia. Tatizo ni safari ya hayo maji yaliyookolewa. Ukimwachia mkulima kibali cha lita 200 na ukamfundisha kutumia 140, zile 60 hazirudi mtoni. Anafungua shamba jipya, au shemeji yake analifungua. Ningekuwa mahali pake ningefanya hivyo. Mradi unaandika ripoti ya ufanisi na Ng'iriama inabaki kavu.

Ndiyo maana sehemu ya mto wenyewe lazima itajwe kwanza, kabla ya sehemu zetu. Na cha ajabu, tayari imetajwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinaweka maji ya matumizi ya nyumbani mbele, halafu akiba ya mazingira, halafu ndipo wengine wote. Pangani walikwenda mbali zaidi. Bodi ya Maji ya bonde hilo, ikisaidiwa na shirika la uhifadhi la IUCN, ilikaa na wataalamu wa samaki, mimea na uchumi kukadiria mto unahitaji kiasi gani, wapi, na mwezi gani. Maana mto hauhitaji maji tu. Unahitaji na mafuriko madogo kwa wakati wake, la sivyo samaki hawazai na uwanda haupati rutuba. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni sheria hiyo kushuka kutoka kwenye kitabu hadi kwenye lango la chuma, palipo na mtu mwenye ufunguo na jirani yake anamwamkia asubuhi.

Vibali vina muda, na vikiisha vinahuishwa. Hapo pana mlango, na ndugu zangu mlio kwenye Jumuiya za Watumia Maji mnaweza kuuingia bila kusubiri bwawa jipya wala mfadhili. Kibali cha skimu yenu kinapokwenda kuhuishwa, ombeni kiwe na namba mbili: ya msimu wa mvua, na ya kiangazi iliyoandikwa kama sehemu ya maji yaliyopo. Bodi ya bonde ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Ombeni pia ule ubao wa kupimia kina cha maji, wenye namba, usimamishwe juu ya banio na chini ya banio. Huu wa chini ndio wenye habari, na ndio unaosahaulika. Usomwe kila asubuhi na kijana wa kijiji anayelipwa chochote kwa kazi hiyo, na kipimo kiandikwe kwa chaki ukutani kwenye ofisi ya kijiji, kisikae Iringa kwenye faili la bodi ya bonde. Na kijiji cha chini kipigiwe simu kisomewe.